Miaka 13 iliyokatwa

Kwenye The Good Lie, filamu ya mwaka 2014, watoto waliokimbia vita vya Sudan wanatembea kwa miguu majuma na majuma. Wengine wanafia njiani, mkubwa wao anajitoa kwa askari ili wadogo wapone, na waliobaki wanafika Kakuma. Halafu picha inakatika. Inaporudi, imepita miaka 13. Watoto wamekuwa watu wazima, majina yao yamo kwenye orodha, na ndege inawasubiri iwapeleke Marekani.

Miaka 13, kufumba na kufumbua! Kwa mtazamaji wa Kansas City huo ni mkato wa kawaida tu, hata hauoni. Kwetu sisi tunaoishi ndani ya huo mkato ni jambo lingine. Humo ndimo tulimosomea, tukaoa, tukazika, tukafungua duka, tukafilisika, tukafungua tena. Na hoja yangu leo inaanzia hapo, maana vijana wengi wa hapa wanaotaka kuwa waandishi wa filamu nao wanaikata miaka ileile. Wanaikata wenyewe, bila kulazimishwa na mtu wa Hollywood.

Kwanza tusiionee ile filamu. Aliyeiandika, Margaret Nagle, aliijua kazi yake. Bango la matangazo lilimweka Reese Witherspoon mbele kama vile hadithi ni yake, lakini kwenye skripti yenyewe anachelewa kuingia karibu nusu saa, na hiyo nusu saa ni ya watoto peke yao. Waigizaji kama Ger Duany na Emmanuel Jal walipitia vita hivyo wakiwa watoto wenye bunduki, na inaonekana: hawaigizi huzuni, wananyamaza tu. Kuna pia kile kipande cha Jeremiah aliyeajiriwa supamaketi, anaambiwa atupe chakula kizima kwenye pipa, na hawezi. Hakuna hotuba pale. Kuna mtu, chakula, na bosi. Ukitaka kujifunza namna ya kuandika kipande cha filamu, kitazame hicho mara tatu.

Mwisho wake nao ni wa kufikirisha. Mamere anarudi Kakuma kumtafuta Theo, yule kaka aliyejitoa. Anampata. Njia za kiofisi zimefungwa, basi anampa Theo karatasi zake za safari, Theo anapanda ndege kwa jina la Mamere, na Mamere anabaki akifanya kazi kwenye hospitali ya kambi. (Siku hizi vidole vinasomwa hata kwa mgao wa chakula, kwa hiyo uongo huo mwema usingefika hata getini. Tuyaache.) Mwandishi anamwacha Mamere hapa, filamu inaisha, taa zinawaka. Mimi nasema hapo ndipo filamu nyingine ilipaswa kuanza. Mtu aliyewahi kuonja friji na mtihani wa chuo kikuu, leo analala Kakuma kwa hiari yake, na jina lake limeondoka na mtu mwingine. Asubuhi ya kwanza anaamka anafanya nini? Anamwambia nini jirani anayemwona ni mjinga kurudi? Hiyo skripti Hollywood haiwezi kuiandika, kwa sababu haijui jirani huyo anavyoongea.

Sasa njoo kwenye skripti zetu. Nimezisoma si haba, za Wakongo, za Wasudani Kusini, za Warundi, za Wasomali, zilizoandikwa kwenye semina na zilizoandikwa usiku kwa tochi ya simu. Nyingi zina umbo moja. Ukurasa wa kwanza kuna kijiji chenye amani, mama anapika, watoto wanacheza mpira wa matambara. Ukurasa wa pili, risasi. Wa tatu, msitu. Wa nne, mpaka. Wa tano, mahema. Halafu yanaandikwa yale maneno: MIAKA KUMI BAADAYE. Halafu joho la mahafali, au uwanja wa ndege. Mhusika mkuu hana kosa hata moja. Hajawahi kudanganya, hajawahi kumwonea mtu wivu, hajawahi kucheka kwenye msiba. Hakitaki kitu chochote duniani ila usalama.

Vijana hawa wana akili na wana macho. Kwa nini basi wanaandika hivi? Jibu langu ni kwamba sisi wote tumefundishwa kusimulia na mwalimu mmoja, na mwalimu huyo ni meza ya interviu.

Fikiria ile meza inataka nini. Anza na tarehe. Taja mahali. Nani alifanya, ulifanya nini, kwa nini huwezi kurudi. Jibu kwa mpangilio. Mwaka unaofuata unaitwa tena, ofisa mwingine, mkalimani mwingine, na unatakiwa useme yaleyale. Ukitofautiana kidogo unaulizwa: mbona mara ya kwanza ulisema walikuja usiku? Kesi inalala hapo. Basi mtu anajifunza kuinyoosha hadithi yake kama shuka iliyopigwa pasi. Kinachochekesha anakitoa. Kinachomwaibisha anakitoa. Siku alizokuwa na furaha katikati ya balaa anazitoa, maana zitamchanganya ofisa. Tena anamfundisha mtoto wake ainyooshe vilevile.

Ofisa simlaumu. Ana swali lake: huyu anastahili ulinzi au hastahili? Kwa swali hilo hadithi iliyonyooka inafaa. Lakini mtazamaji aliyekaa gizani ana swali jingine kabisa: huyu mtu sasa atafanya nini? Na swali hilo linaishi kwa vitu vilevile vinavyoua kesi, yaani mikunjo, mambo yanayogongana ndani ya mtu mmoja. Mama anamlilia mtoto wake aliyepotelea Uvira, machozi ya kweli, na papo hapo anamficha jirani kwamba jina lake limetoka kwenye orodha, asije akadaiwa deni la unga kabla ya safari. Mezani hiyo ni kasoro. Kwenye skripti, huyo mama ni filamu nzima.

Kuanza kazi ya kuandika filamu, kwa mtu wa kambini, ni kuvunja kwanza mazoea ya meza ile. Mambo mengine ya ufundi yanakuja baadaye na si magumu sana. Hili ni gumu, kwa sababu mazoea hayo yametulinda.

Tazama wenzetu wa jirani walivyofanya. Nairobi Half Life ya mwaka 2012, aliyoiongoza David "Tosh" Gitonga, inamwonyesha Mwas akiuza DVD kijijini kwa kuziigiza mbele ya wateja, anajirusha, anapiga sauti za bunduki kwa mdomo. Dakika hazijafika tano unajua anachokitaka: kuwa mwigizaji. Hatukusimuliwa maisha ya babu yake. Tunamfuata kwa sababu anataka kitu, na Nairobi haitaki kumpa kwa njia iliyonyooka.

Ya pili ni Kati Kati ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mbithi Masya, akaiandika pamoja na Mugambi Nthiga. Mwanamke anaamka nyikani, hakumbuki kitu, anafika kwenye nyumba ya wageni ambako wakazi wake wote ni watu waliokufa. Wamekwama pale katikati. Hawarudi walikotoka, hawaendi mbele, mpaka kila mmoja amalizane na jambo lake. Hakuna neno "mkimbizi" humo. Lakini mtu wa hapa akiitazama anajua mara moja: wale wanaocheza michezo ya kupoteza muda, wale wanaomwonea wivu anayeondoka, yule aliyekaa sana mpaka amegeuka kuwa mwenyeji na kiongozi. Ni filamu fupi, ya saa moja na robo hivi, na inaonyesha kwamba kusubiri kunaandikika. Wanaosema "kambini hakuna kinachotokea" wakaitazame.

Vinavyotokea ni vingi mno! Kijana anayechaji simu za watu kwa sola anaona ujumbe usio wake umeingia, ameshausoma, na mwenye simu yuko njiani anakuja. Mzee wa bloki anaombwa asaini barua ya kuthibitisha kifo ambacho hakukiona. Binti anayefanya kazi ya ukalimani ameketi interviu ya mwanamume aliyemfukuza babake kijijini, na kazi yake ni kutafsiri kila neno sawasawa.

Au chukua hili, ambalo kila bloki inalijua. Wachumba wawili wana kesi tofauti. Ya msichana imefika mbali, imebaki medikali. Ya mvulana haijasogea miaka mingi. Wakioana rasmi, kesi inaweza kurudi nyuma kwa wote, na familia ya msichana nayo imo. Wasipooana, anaondoka. Mwandishi aliyezoea meza atawaandikia mazungumzo hivi: "Ninakupenda lakini mchakato wa kuhamishiwa nchi ya tatu unatutenganisha." Hakuna binadamu anayeongea hivyo. Hiyo ni ripoti imevaa sketi. Wapeleke bombani, wape kazi ya mikono, wazungumze juu ya maji:

NJE. BOMBANI – ALFAJIRI
Mitungi ya njano imepangwa mstari. MSICHANA anausogeza wake. MVULANA anausogeza wake nyuma yake.
MSICHANA: Umewaambia nyumbani?
MVULANA: Maji yanatoka kidogo leo.
MSICHANA: Nimekuuliza.
MVULANA: Mama anauliza medikali yenu ni lini.
Msichana anatoa mtungi wake kwenye mstari. Anaurudisha nyuma ya wa mvulana.

Sijasema kipande hiki ni kizuri sana. Nasema kinafanya kazi: neno "penzi" halimo, neno "kesi" halimo, na aliyesimama kwenye foleni ile anaelewa yote, hata maana ya kupoteza nafasi yako kwenye mstari wa maji.

Lugha nayo. Vijana wengi wanaandika kwa Kiingereza kwa sababu wanaosoma maombi ya semina wanasoma Kiingereza. Sawa, tafsiri utaifanya. Lakini andika kwanza kwa mdomo wa mhusika wako, kama ni Kiswahili cha Kivu au cha Kakuma kilichochanganyika na Kiarabu cha Juba, iwe hivyo hivyo. Na ukitaka kusikia mazungumzo yanavyoweza kuwa na uhai, kaa kwenye kibanda cha video siku wanapoonyesha zilizotiwa sauti na DJ Afro. Anachukua filamu ya Kihindi au ya Kichina, anampa kila mtu mdomo mpya, na kibanda kizima kinaitikia. Wasomi wanadharau, mimi sidharau. Huyo ametufundisha mazungumzo kuliko semina nyingi, maana anajua mtazamaji amelipia na anaweza kutoka.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa naomba niseme nanyi. Tunawashukuru kwa mengi. FilmAid ilianza mwaka 1999 kwenye kambi za Wakosovo huko Makedonia, baadaye ikaja Kakuma na Dadaab, na wengi hapa picha kubwa ya kwanza maishani waliiona usiku, wamekaa mchangani mbele ya skrini ya gari. Wapo walioshika kamera kwa sababu ya mafunzo kama hayo. Lakini kazi zinazotolewa kwa waandishi wa kambini, kwa jumla, ni za ujumbe. Kipindupindu, dakika 10. Ndoa za utotoni, dakika 10, skripti itoke kwa wiki moja. Na mwandishi anajua kinachotakiwa: baba mbaya anataka kumwoza binti, binti analia, ukurasa wa saba anaingia mtu mwenye kizibao chenye nembo, ukurasa wa tisa baba ametubu. Kizibao ndicho kinachosuluhisha. Watazamaji wetu wanapiga makofi kwa adabu na wanakwenda nyumbani. Hawakumwamini yule baba, kwa sababu baba wa kweli ana hesabu zake, ana hofu zake, na pengine anampenda binti kuliko mtu yeyote pale uwanjani. Mngemruhusu mwandishi ampe baba huyo dakika nne za kujitetea kwa nguvu zote, filamu ingewasha mabishano mpaka asubuhi. Nadhani mabishano ndiyo mnayoyataka, hata kama fomu ya tathmini inauliza tu wangapi walihudhuria.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja la The Good Lie mpaka hapa. Mwaka 2015, mwaka mmoja baada ya filamu kutoka, watu 54 kati ya wale waliokuwa watoto wa safari ile, pamoja na shirika lao, walifungua kesi Georgia, Marekani. Walidai kwamba mwaka 2003 waliketi na mwandishi na mtayarishaji, wakarekodiwa wakisimulia maisha yao kwa kina, na kwamba masimulizi hayo ndiyo yaliyoijenga skripti. Kwa hiyo wao ni waandishi-wenza, na haki yao hawakuipata. Walioshitakiwa walipinga. Mtu anaweza kuegemea upande wowote. Mimi naangalia kitu kimoja tu: siku ile chumbani upande mmoja ulitoa maisha na upande mwingine ulitoa kurasa, na duniani kote kwenye filamu jina linaandikwa kwa aliyetoa kurasa.

Sheria za hakimiliki zinakwenda hivyo hivyo. Tukio halina mwenyewe. Vita, safari, njaa yako, hivyo havilindwi. Kinacholindwa ni namna ulivyoviandika. Sheria ya Kenya inataka kazi iwe imeandikwa au kurekodiwa, iwe na umbo la kushikika. Masimulizi uliyompa mgeni mwenye kinasa sauti, kwa soda moja na fomu ya ridhaa, yameshika umbo mikononi mwake.

Mfano mwingine unaonyesha kwamba mambo yanaweza kwenda vingine. Mwaka 2016 ilitoka Les Sauteurs, filamu ya watu wanaosubiri kuruka uzio wa Melilla. Waongozaji wawili kutoka Ulaya walimpa kamera Abou Bakar Sidibé wa Mali, mmoja wa waliokuwa wakisubiri mlimani. Jina lake limo kwenye orodha ya waongozaji, sawa na yao. Haikuwa hisani: picha ni zake, sauti inayosimulia ni yake, na kuna mahali unasikia kabisa mtu anaanza kama shahidi na anaishia kama mtu wa filamu.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana aanzie wapi, simwambii atafute wakala wala aende Nairobi; karatasi ya ruhusa ya kusafiri yenyewe inaweza kumaliza muhula. Namwambia aandike kurasa 10 kabla hajamsimulia mtu. Ukurasa mmoja wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, basi hizo ni dakika 10, na za watu wawili watatu, mahali pawili, siku moja. Simu inatosha. Kuna mtindo wa kuandika unaoitwa Fountain, uliotoka mwaka 2012, ambao ni maandishi ya kawaida tu; unaandika popote unapoandikia noti, na ukipata kompyuta inakupangia kurasa zikae kama za watu wa kazi. Ukimaliza weka jina lako na tarehe juu, jitumie kwa baruapepe ubaki na ushahidi wa siku. Kisha wape watu waisome kwa sauti, bombani, dukani, popote. Pale msomaji anapojikwaa, hapo mazungumzo ni ya meza. Futa.

Asidanganywe pia kuhusu pesa. Kutoka yale mahojiano ya 2003 mpaka The Good Lie kuonekana ni miaka 11, na hiyo ni filamu yenye mwigizaji wa Oscar. Mwandishi wa hapa ataendelea na kazi ya insentivu, au kusuka nywele, au kufundisha, huku akiandika. Ila zikija kazi ndogo, tofautisha karatasi mbili unazoweza kupewa. Fomu ya ridhaa inakufanya uwe mtu wa kuhojiwa. Mkataba wa mwandishi unataja kazi, malipo, jina lako litakaa wapi kwenye filamu, na nani anaweza kubadilisha ukurasa wako. Ukiwa umeleta skripti na umepewa fomu ya ridhaa, irudishe kwa upole uombe ile nyingine. Na mashirika mnaosoma hapa, ile nyingine haina gharama ya ziada kuichapisha.

Ile ya wachumba wa bombani bado haijaandikwa, na mimi siiandiki. Anayeitaka aichukue. Nimempa nusu ukurasa, abaki na tisa na nusu. Mama wa mvulana sijamgusa kabisa, na nina hakika yeye ndiye anayejua tarehe ya medikali kuliko wote.